Video ya dakika mbili haionyeshi muchezaji



Ukifungua telefone asubuhi huku Kasapa, mbele hata ya kusoma habari ya kozi, utakuta video ya kijana. Anaruka, anaingiza mpira mu kapu kwa nguvu, muziki unapiga, na chini kunapita jina lake pamoja na namba ya telefone. Dakika mbili, imekwisha. Halafu sentensi ile ile ya kila siku: mutume kwa wengine mpaka makocha wa Marekani waone. Na sisi tunatuma, juu hakuna anayetaka kuzuia bahati ya mutoto wa wenyewe.

Leo nataka tuipime hiyo video sawa vile mutu anapima kitabu ao filme: inaonyesha nini, inaficha nini, inamusaidia nani. Sisemi juu ya kijana fulani. Nasema juu ya namna yenyewe, juu kwa vijana wetu wengi wa humanités imekuwa njo barua ya kuomba nafasi mu vyuo vya Marekani. Na pamoja nayo kunatembea hadithi moja, ile ya "kutoka mutaa mpaka NBA". Vitu hivi viwili, video na hadithi, vinafundisha kijana kwamba kazi yake ni kuruka vizuri na kungojea jicho la mutu wa mbali. Naona vinamufundisha vibaya, na bei yake inalipwa na wazazi.

Tuanze na mufano wenye nguvu kuliko yote, juu ukitaka kukosoa namna ya kazi, chukua ile nzuri yake, usichukue mbaya. Dennis Kasumba ni kijana wa Uganda anayecheza beisboli, ule mchezo wa fimbo na mpira mudogo ambao wengi wetu tunaujua mu filme tu. Yeye ni mudakaji, maana yake ule anayechuchumaa nyuma ya mupigaji na kudaka mpira unaorushwa. Mu video zake anafanya mazoezi na matairi ya magari, ku vumbi, bila vyombo vya maana. Zilizunguka dunia. Alikataliwa viza zaidi ya mara moja, lakini mwaka 2023 aliipata, akaenda kucheza kiangazi na Frederick Keys, timu ya Maryland mu MLB Draft League, ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa na timu kubwa. Hiyo si bongo. Bila video, ni nani kule Maryland angejua jina lake? Basi mutu asiniambie kama video haina kazi. Iko na kazi: inafungulisha mlango.

Lakini angalia vizuri kile watu walikipenda mule. Walipenda matairi. Walipenda vumbi na jasho, kila kitu kinachosema: huyu kijana hana kitu, lakini ana moyo. Ni kweli na inagusa. Kocha wa chuo naye, akimuangalia mudakaji, anashika saa. Anahesabu sekunde kutoka mpira unapoingia mu glavu mpaka unapofika kwa mwenzake wa besi ya pili, umbali wa karibu mita 39. Sekunde 2 hivi ni kazi ya wakubwa wa mchezo huo. Kama kijana ni murushaji, kocha anapima kasi ya mpira. Kama ni mupigaji, anapima mpira unatoka ku fimbo na kasi gani, na anataka kuona anafanya nini mbele ya murushaji anayetaka kumushinda kabisa. Matairi hayajibu hata ulizo moja kati ya hayo.

Watu wawili wanaangalia video moja, na hawatafuti kitu kimoja. Sisi tunataka kuguswa roho, halafu tutume kwa wengine. Kocha anataka namba, na anataka kujua huyu kijana atamusaidia kushinda mechi miaka miwili nyuma ya kufika. Video yetu imetengenezwa kwa kumupendeza ule wa kwanza, wakati bursi iko mu mikono ya ule wa pili.

Kule Frederick, Kasumba alikuta vijana waliotoka mu vyuo vya Marekani, wenye kupiga mipira ya kasi tangu utoto, na alipata mechi chache tu. Huo haukuwa upungufu wa moyo. Muchezaji wa beisboli anakomaa kwa kukutana na warushaji wazuri mara mia nyingi, na hicho kitu hakuna video inayoweza kukileta nyuma ya siku moja.

Sisi tuliosoma agronomia tunalijua tatizo hili kwa jina lingine. Ukipanda mahindi mu shamba la majaribio, mistari ya pembeni mara nyingi inastawi kuliko ya katikati. Inapata jua mingi, na upande mumoja haina jirani wa kugombania naye maji na mbolea. Mwanafunzi mupya anaingia shambani, anaona muhindi munene pale pembeni, anataka kuupima. Mwalimu anamukataza. Mistari ya pembeni tunaiacha, tunapima ya katikati, juu ile ya pembeni inaonyesha nafasi iliyopata, haionyeshi mbegu yenyewe. Video ya dakika mbili ni mahindi ya pembeni matupu. Imekatwa mu mechi 20, ikachukua ile mara moja mupinzani aliteleza, ile mara moja hakuna aliyekuwa chini ya kapu. Kocha anajua hayo. Njo maana akipenda video, mara nyingi kitu cha kwanza anachoomba ni mechi nzima isiyokatwa. Na vijana wetu wengi, ukiwauliza mechi nzima, hawana hata moja.

Sasa tuje ku mutoto wetu wa hapa. Oscar Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi mwaka 1999. Utotoni alicheza mpira wa miguu, basketi ilikuja nyuma. Mwaka 2022, akiwa ku chuo cha Kentucky, alichaguliwa muchezaji bora wa mwaka wa vyuo vya Marekani. Msimu ule alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa kila mechi. Ribaundi ni ule mpira unaoukamata wakati mutu amekosa kapu. Desemba 2021, mechi na Western Kentucky, alikamata 28 peke yake.

Fikiri kidogo juu ya hiyo namba. Ribaundi ni kazi isiyokuwa na urembo. Unasoma mpira utaangukia wapi mbele haujaanguka, unaweka mugongo juu ya mupinzani, unasukumana, unaruka mara mbili, tatu. Mu video ya dakika mbili, ribaundi haiwekwi, ao inawekwa kwa sekunde moja mbele ya kuonyesha kapu. Lakini njo kazi iliyomutoa mutoto wa Lubumbashi kuwa wa kwanza mu inchi yenye vyuo zaidi ya 350 mu daraja la kwanza peke yake. Kama kijana wetu anajifunza basketi kupitia video za kurukaruka, anajifunza kuacha kazi ile ile iliyomupandisha Tshiebwe. Hapo video inapita kuficha muchezaji. Inamuharibu, juu anaanza kucheza kwa ajili ya telefone ya rafiki yake iliyo pembeni ya tereni.

Mutu atanijibu: sawa, lakini Tshiebwe alionwaje? Njo hapo hadithi ya pili inaingia. Tunapenda kuieleza sawa radi: mutoto alikuwa mutaani, siku moja Marekani ikamuona. Ukweli ni munyororo wa watu. Tshiebwe alipita mu kambi ya basketi ya Bismack Biyombo, naye ni mutoto wa Lubumbashi, aliyezaliwa mwaka 1992. Kutoka pale alienda kusoma ku Mountain Mission School, Virginia, halafu Kennedy Catholic, Pennsylvania. Kule makocha wa vyuo walimuona kwa macho yao, mechi kwa mechi, wakati anamaliza shule ya sekondari. Akaanzia West Virginia mwaka 2019, halafu Kentucky.

Biyombo mwenyewe naye hakuonwa na Marekani akiwa hapa. Akiwa na miaka 16, kocha Mário Palma alimuona mu mashindano ya vijana kule Jordani. Akapitia Uhispania, timu ya Fuenlabrada. Aprili 2011 akacheza mu Nike Hoop Summit kule Portland: pointi 12, ribaundi 11, mipira 10 aliyoizuia, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya mu mashindano hayo. Miezi miwili nyuma, NBA ikamuchagua wa 7. Hesabu vituo: kila kimoja kilikuwa na kocha aliyesimama pale, na mechi ya kweli mbele ya wapinzani wa kweli.

Na Dikembe Mutombo, mutu wa Kinshasa, ambaye wote tunamutaja? Alifika Georgetown mwaka 1987 kwa bursi ya masomo, akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson alimupata kama mwanafunzi aliyekuwa tayari mu chuo. Alimaliza na diploma ya lugha na diplomasia, mwaka 1991, mwaka ule ule NBA ilimuchagua wa 4. Mu hadithi tunayoeleza mutaani, sehemu ya bursi ya masomo inakatwa sawa vile ribaundi inakatwa mu video. Lakini bila ile sehemu hakuna Mutombo.

Kuna kitu kingine hadithi inaficha: kuonwa hakumalizi kazi. Tshiebwe, bora wa vyuo vyote mwaka 2022, mwaka 2023 hakuchaguliwa na timu hata moja siku ya NBA kuchagua vijana. Akaingia kwa mlango mudogo, mukataba wa nusu na Indiana Pacers, akaendelea kupigana. Na wakati alikuwa mukubwa kabisa kule Kentucky, wenzake Wamarekani waliruhusiwa kupata pesa ya matangazo, yeye viza ya mwanafunzi ilimufunga. Timu ilipoenda Bahamas Agosti 2022, kule inje ya Marekani njo alipata nafasi ya kufanya mikataba ya matangazo. Kwa hiyo hata mu kilele, kilichoamua ni karatasi.

Na tuseme juu ya karatasi, juu njo pale vijana wetu wanaangukia zaidi, kimya kimya, bila hata kujua kama waliangukia pale.

Mwaka 2011, timu ya watoto ya Uganda ilishinda nafasi ya kwenda ku Little League World Series, mashindano makubwa ya beisboli ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania. Walishinda uwanjani, wakanyimwa viza juu karatasi za umri hazikupatana. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifika, ya kwanza kutoka Afrika. Wale watoto wa 2011 hawakukosa kipaji wala kuonwa. Walikosa karatasi safi. Biyombo naye mwaka 2011 alipigiwa kelele nyingi juu ya umri wake. Mutoto wa Katuba ao wa Ruashi ambaye kuzaliwa kwake hakukuandikishwa, na ambaye mu buletini mumoja amezaliwa 2007 na mu ingine 2009, ameshapoteza bursi mbele ya kugusa mpira.

Halafu masomo. Kwa kucheza mu daraja la kwanza la NCAA, mwanafunzi lazima awe na kozi 16 za musingi za sekondari na wastani wa 2.3 juu ya 4. NCAA ina namna yake ya kusoma matokeo ya kila inchi, lakini lazima matokeo yawepo: buletini za miaka yote, diploma ya Leta, na tafsiri yake mu Kiingereza. Tena kuna mutego wa asilimia. Kwetu mwanafunzi wa 65 ni mwanafunzi muzuri, mama yake anapika kuku. Mu macho ya Mumarekani asiyejua masomo yetu, 65 ni mutoto anayekaribia kuanguka. Kijana anamuandikia kocha "niko na 65%", kocha anafunga barua. Hakuna aliyemueleza kijana kwamba mistari miwili ya maelezo ingebadilisha kila kitu.

Na wale wanaosema "nitaenda nimalizie sekondari kule kule" wajue: sheria ya Marekani inamupa mugeni mwenye viza ya mwanafunzi miezi 12 tu mu shule ya sekondari ya Leta, tena kwa kulipa gharama yote. Njo maana hadithi nyingi za vijana wetu zinapita mu shule za binafsi na za dini. Shule hizo lazima ziandike karatasi ya kukubali mbele ya viza, na mahojiano ya viza yanafanyika Kinshasa, si hapa. Hesabu ndege, hesabu pasipoti.

Hata bursi yenyewe si kama tunavyoota. Mu beisboli, mpaka mwaka 2025, timu nzima ya daraja la kwanza iliruhusiwa bursi 11.7 tu, zikagawanywa vipande kwa wachezaji zaidi ya 20. Kijana Mumarekani mwenyewe, ambaye wazazi wake wamelipa pesa mingi kwa timu za kiangazi na kwa siku za kujionyesha mbele ya makocha, mara nyingi anapata kipande tu. Daraja la tatu halitoi bursi ya michezo hata moja. Yaani hata kule mlango si mupana, ila wenyewe wanajua mbele kila kizingiti kiko wapi.

Sasa, video na hadithi zikikutana bila hii elimu, nani anafaidika? Anakuja mutu na koti nzuri. Anasema ameona video ya mutoto, kuna chuo kinamutaka, inabaki tu malipo ya dosie. Mu mutaa wetu kila mutu anajua familia moja iliyouza kitu, pikipiki, parsele ya urithi, kwa mutu wa namna hiyo. Anafanikiwa juu sisi wote tumeshamuandalia kazi: tumefundisha wazazi kwamba kuonwa kunatokea ghafla, kwa mutu usiyemujua, kupitia video. Yeye anakuja kama mwisho wa hadithi tuliyoieleza sisi. Kocha wa kweli anaandika na anuani ya chuo chake, jina lake liko mu ukurasa wa chuo, na haombi falanga za kukuona.

Mutu anaweza kuniambia: rahisi kukosoa, lakini makocha hawaji Lubumbashi. Mumarekani wa sekondari anaonwa Jumamosi mu mashindano. Wetu ataonwa wapi kama si mu video? Ni kweli, na njo jibu lenye uzito kuliko yote. Mu mpira wa miguu tuna njia: vijana wanaangaliwa na timu za hapa, kuna Katumbi Football Academy tangu 2012, mutu anaweza kukuona leo na kurudi kukuona wiki ijayo. Mu basketi njia ni nyembamba, mu beisboli haiko kabisa. Basi video itabaki. Lakini juu itabaki, tuitengeneze kwa ule mwenye kuamua.

Hiyo video nyingine haitapendwa na watu elfu, naisema wazi. Iko na jina, tarehe ya kuzaliwa iliyo sawa na ile ya pasipoti, urefu, uzito, mwaka wa kumaliza shule. Iko na dakika tatu za mechi, bila muziki, muchezaji ameonyeshwa na alama mbele ya kila kitendo, na mule kuna kukaba, ribaundi, pasi, kurudi mbio nyuma ya kupoteza mpira. Chini yake kuna mechi mbili nzima zisizokatwa, na jina la timu pinzani. Pamoja nayo kuna barua fupi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa kocha mumoja kwa jina lake, si kwa "makocha wote", inayoeleza matokeo ya shule na maana ya asilimia zetu. Na inaenda pia kwa vyuo vya miaka miwili na vyuo vidogo, juu nafasi ya wengi iko pale kuliko Kentucky.

Kazi hiyo, kijana wa 16 hawezi kuifanya peke yake, na kocha wake wa mutaa, anayefundisha bila mushahara, naye hawezi. Lakini sisi wa hii chama tunaweza. Kati yetu kuna waliosoma Kiingereza ku UNILU, wanaweza kutafsiri buletini vizuri. Kuna wa droit, wanajua namna ya kupata hukumu ya tribinali kwa mutoto ambaye kuzaliwa kwake hakukuandikishwa. Kuna wenye kujua kupima, na saa na metri si vitu vya kununua Amerika. Tungechukua Jumamosi moja kwa mwezi, ku tereni moja tu, tungemaliza mwaka na vijana kumi ao kumi na tano wenye dosie safi. Labda mumoja ataenda. Wale wengine watabaki na buletini zilizo sawa, umri ulio sawa na Kiingereza kidogo, na hivyo vitu vinafaa hata ukibaki hapa kusoma agronomia.

Kwa hiyo, siku ingine video ikifika mu telefone yako na sentensi yake ya kutuma kwa wengine, mbele ya kutuma muulize kijana maulizo mawili: mechi nzima iko wapi, na buletini ya mwaka wa tano iko wapi? Kama anazo, tuma mpaka Kentucky. Kama hana, usitume kwanza. Nenda ukamuone.